Mtoto anasoma vizuri ila kwenye kuandika maneno ni majanga. Tupeane michezo ya tahajia ya nyumbani

MamaZai_Mbagala

Wadau, salaam.

Binti yangu yupo darasa la pili. Kusoma hana shida, anasoma mpaka maandishi ya nyuma ya daladala, mengine natamani asingeyasoma. Shida inaanza akishika penseli. Daftari la imla linarudi limejaa wino mwekundu: "ngombe", "apa", "mutoto", "kwasababu", "ana soma". Nilikuwa namkalisha mezani jioni, namsomea maneno kumi anaandika. Ananuna, mimi napandisha sauti, baba yake anahamia nje na redio.

Tukaiacha imla ya mezani, sasa tunacheza. Naweka hapa inayotusaidia, na nyie mwageni yenu.

Unaompendeza kuliko yote ni wa dukani. Nikitaka kumtuma kwa Mangi simwambii aseme nini, namtajia vitu anaviandika kwenye kikaratasi. Sheria ni moja: akifika dukani hafungui mdomo, anatoa karatasi, na Mangi anauza kile alichosoma. Mangi nilishaongea naye mapema na ameupenda mchezo kuliko hata mtoto. Siku moja karatasi iliandikwa "sukari nusu, kibiriti, mafuta ya kura robo". Mangi akaikunja, akamtazama mtoto: "Dogo, haya mafuta ya kura ni ya diwani au ya mbunge?" Wateja wote kicheko. Mtoto alirudi nyumbani mbio kuniuliza kura ni nini, na tangu hapo kula na kura hazichanganyi. Mimi ningemsahihisha kwa wino mwekundu mpaka nizeeke.

Mwingine ni wa vizibo vya chupa za maji. Nakusanya, naandika herufi kwa makapeni, irabu a e i o u kwa nyekundu, konsonanti kwa nyeusi. Namwaga kwenye sinia, nataja neno, anapanga. Rangi zinamsaidia kuona mwenyewe kama kasahau irabu mahali.

Haya, nawasikiliza.

---

Chuma_Chakavu

Mambo ya vizibo haya. Sisi tulichapwa kiboko kimoja kwa kila neno ulilokosa na leo tunaandika vizuri tu.

---

kijana_wa_kitaa

Mkuu hapo juu, nimepitia nyuzi zako za zamani. "Nawakilisha hoja hii haraka iwezekanavo". Kiboko hicho kilikwepa.

---

Chuma_Chakavu

😂😂 Hiyo ni kibodi ya simu, mkuu.

---

Mwl_Mstaafu

MamaZai, asante kwa uzi. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, niruhusuni niandike kwa kirefu.

Kiswahili ni lugha rahisi sana kuandika ukilinganisha na nyingi, kwa sababu herufi zinafuata sauti. Alfabeti yetu ina herufi 24 ukihesabu ch kuwa moja. Hakuna q, hakuna x, na c haitembei peke yake. Mtoto akishajua irabu tano na silabi zake, ba be bi bo bu, maneno mengi sana anayaweza bila kukariri. Anakokosea ni sehemu chache tu, na zinajulikana. Ukizijua hizo huna haja ya kumpa imla ya kila kitu. Mchezee pale panapomsumbua.

Jambo la kwanza, msimfundishe kutaja herufi kwa majina ya Kiingereza, "em, ti, o, ti, o". Huo ni utaratibu wa lugha nyingine. Hata mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulimwanzisha mtoto kwa sauti ya herufi kisha silabi. Nyumbani fuateni hivyo hivyo.

Kwa "mutoto", mchezo ni makofi. Mwambie alitamke neno polepole na kila silabi aipigie kofi. M-to-to, makofi matatu. Aone kwamba m amepata kofi lake mwenyewe, hahitaji kubebwa na u. Kisha mpe m-tu, m-chu-zi, m-ko-no. Halafu mpe nyu-mba, ajaribu kumpa m kofi lake, aone neno linavyoharibika mdomoni. Hapo anajua kwamba kuna m anayejitegemea na kuna m anayepanda mgongoni kwa b. Huu unachezwa hata mkiwa ndani ya daladala, ila pigeni kwenye mapaja, konda asidhani mnataka kushuka.

Kuhusu irabu zinazofuatana, kuna maneno matatu huwa nawapa: kua, kuwa, kuua. Wanayaigiza. Anayekua anajinyoosha juu, anayekuwa anasema "mimi ni daktari" au chochote anachotaka kuwa, na anayeua anapiga mbu. Wakishaigiza, unataja sentensi na wao wanakimbilia karatasi yenye neno sahihi ukutani. "Mti huu umekua." "Paka ameua panya." Kelele zinakuwepo, vumilieni.

Na kwa wale wa chekechea na darasa la kwanza wanaogeuza b na d: msiogope, katika umri ule ni kawaida. Mimi nilikuwa nawachorea. b ni baba, kitambi kipo mbele. d ni dada, amembeba mtoto mgongoni. Maandishi yanaelekea kulia, kwa hiyo wote wawili wanatembea kwenda kulia. Mtoto akisita, muulize tu, "Huyu ana kitambi au ana mtoto mgongoni?"

---

nipo_paleee

Baba kitambi mbele, dada mtoto mgongoni 🙌🙌 Mwalimu, hii naondoka nayo.

---

Mwanamvua_Unguja

Asalaam aleikum. Sie huku skuli wanaandikishwa imla vile vile, ila niseme kitu ambacho wengi hawakioni. Watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, alasiri wameshasomeshwa herufi za Kiarabu dhali, the na ghaini, na ustadhi hakubali ulimi ukae pasipo pake. Basi dhahabu, thamani, ghali, lugha kwao si tabu. Wangu namwambia, "Hiyo ni sauti ya dhali au ya ze?" Anaisema kwanza kama anavyosema chuoni, ndipo anaandika. Kama mtoto wako anasoma madrasa, itumie hiyo, iko tayari bure.

Kwa asiyesoma chuo, mtie mbele ya kioo. Kwenye dh na th ncha ya ulimi inachungulia menoni, kwenye z na s imejificha. Wangu mdogo anapenda kusimama kioo cha kabati akitafuta ulimi wake, dhambi, zambarau, thelathini, sabini. Akiuona anaandika dh au th, asipouona anaandika z au s.

Jengine ni kanga. Nyumba gani haina kanga? Naitandika kitandani, tunasoma jina lake pamoja, anaziangalia herufi vizuri, kisha naikunja jina lielekee ndani na yeye analiandika kwa kichwa. Halafu tunaifungua anajisahihisha mwenyewe, mie simwambii kitu. Maandishi yenyewe makubwa na maneno ni machache, na kila kanga ina neno lake, hamalizi leo wala kesho. Angalia tu kanga unayochagua, nyengine zina mafumbo ya wake wenza, utaulizwa maswali usiyokuwa na jibu lake.

---

MamaZai_Mbagala

Dada Mwanamvua umenichekesha. Ila h yenyewe je? Wangu anaandika "apa", "abari", "araka". Na h ya "hapa" hata sisi wenyewe mtaani hatuitamki.

---

Mwanamvua_Unguja

Mwekee kiganja mbele ya mdomo. Ukisema hapa kwa h, upepo unakipiga kiganja. Mpe methali zenye h nyingi azitamke hivyo, "Haraka haraka haina baraka", "Haba na haba hujaza kibaba", kisha aziandike. Ila mzazi nawe ukitamka "apa", mtoto ataandika "apa". Hapo tusimlaumu.

---

BabaTrizah_Naks

Niaje wadau, kutoka Nakuru. Wangu yuko Grade 2 na hapa kwetu vita ni viwili, Kiswahili na Kiingereza. Akishazoea Kiswahili anakipeleka kule: anaandika "skul", "chea", "televishen". Mwalimu anamkosoa, mimi moyoni naona mtoto ametumia akili, lugha yenyewe ndiyo haina adabu.

Kile kimetusaidia ni mikebe miwili. Mmoja ni wa maneno ya masikio, mwingine wa maneno ya macho. Neno la Kiswahili likiingia, linaenda mkebe wa masikio, unaandika unachosikia. Neno la Kiingereza kama "was", "said" au "school" linaenda mkebe wa macho, hilo ni la kuangalia na kukumbuka sura yake. Kuna ya Kiingereza pia yanaingia mkebe wa masikio, kama "pen" na "bus". Yeye ndiye anaamua, tunabishana kidogo, tunaweka. Hiyo mabishano ndiyo masomo yenyewe.

Kadi za mkebe wa macho tunazicheza jozi. Kila neno liko kwa kadi mbili, zote zinalazwa kifudifudi sakafuni, unafunua mbili. Zikifanana unazisoma, unazigeuza, unaandika neno bila kuangalia. Ukipatia ni zako. Mama yake hushinda kila siku na huwa hana huruma.

Na kuna ule wa kubahatisha herufi, ule watu huchora mtu ananyongwa. Mimi sikutaka kuchora mtu akinyongwa mbele ya mtoto wa miaka saba, so sisi tunachora gari ya matatu. Naweka vistari kulingana na herufi za neno. Kila herufi mtoto anakosea, naongeza sehemu: bodi, dirisha, gurudumu, gurudumu la pili, taa, dereva. Ya mwisho kabisa ni konda ananing'inia kwa mlango. Konda akishachorwa, gari imeenda, umebaki stage. Sasa anataka tucheze kila usiku, na maneno anachagua yeye ili mimi ndio niachwe.

---

kijana_wa_kitaa

Kwa hapa Dar konda achorwe kabla ya dereva maana ndiye anayekuja kwanza dirishani.

---

Bi_Tanga_Leicester

Jamani hamjambo? Mimi nipo Uingereza, watoto wamezaliwa huku. Wanaongea Kiswahili cha nyumbani vizuri, ila kuandika wanaandika kwa macho ya Kiingereza. Wa kwangu wa miaka saba alimwandikia bibi yake kadi ya Idi: "Beebee, jeena langu naandeeka mwenyewe." Bibi alimpigia mjomba kuuliza hii ni lugha gani.

Kwa hiyo kwa wetu wa huku kazi kubwa ni irabu tu. Nimebandika a e i o u kwenye ngazi, kila kipandio irabu moja. Mtoto anapanda akitamka, na nikisema neno "kuku" anakanyaga u, anakanyaga tena u. "Bibi" ni i na i. "Nyanya" ni a na a. "Kitabu" anaruka i, a, u, sasa hapo miguu inachanganyikana. Baada ya hapo ndipo tunakaa kuandika.

Kilichonifurahisha zaidi kimetoka kwa mama yangu Tanga. Kila Ijumaa anawatumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, maneno matano na hadithi fupi yenye maneno hayo ndani yake. Mara kuku kaingia jikoni, mara mbuzi kala kanga kambani. Watoto wanasikiliza, wanayaandika yale matano, napiga picha namtumia. Bibi anajibu kwa sauti tena, anasifia kwanza, halafu anasema, "Neno la tatu umelitia e mbili, hiyo mbuzi yangu itashiba kweli?" Bila simu hiyo wangeandika kwa ajili yangu tu, na mimi hawanijali.

---

Mwl_Mstaafu

Bi Tanga, mwambie mama nampa salamu, huyo ni mwalimu.

Nimesahau vitendawili. Kitendawili kina faida kwamba mtoto anakuwa na hamu ya jibu, na jibu mara nyingi ni neno fupi. Sheria ni kwamba jibu haliropokwi, linaandikwa. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Wanaandika yai, wanaficha karatasi kifuani. Kuku wangu ametagia miibani, nanasi. Popo wawili wavuka mto, macho. Mkifunua karatasi, aliyepatia jibu na tahajia anapewa mji. Aliyepatia jibu akakosea herufi anapewa nusu mji, na hiyo nusu inawauma kuliko kukosa kabisa.

---

mama_maandazi

Mimi napika, basi wangu nawafundishia jikoni. Nawapa donge kila mmoja anafinyanga herufi zake, nakaanga, anakula neno lake akishalisoma. Angalizo: msitumie donge la maandazi. Hamira inaumua, a inaziba tundu, e inakuwa kama o, mnaishia kubishana. Tumieni donge kavu la visheti lisilo na hamira, msukume vijiti vyembamba kama kalamu, herufi zinatoka kwenye mafuta kama zilivyoingia. Mafuta ya moto mkae nayo nyie, watoto wafinyange tu.

Jirani yangu yeye anatumia unga mkavu kwenye sinia, mtoto anaandika kwa kidole na kufuta kwa kutikisa. Mchanga unafaa vile vile kama unga umepanda bei.

---

Chuma_Chakavu

Nimekubali yaishe. Swali la kweli sasa: hii ya kutenganisha maneno mnafanyaje? Mpwa wangu anaandika "ana kula", "nili enda", halafu "kwasababu" na "babanamama" anaviunganisha. Yaani anatenga pa kuunga na kuunga pa kutenga.

---

Mwl_Mstaafu

Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sikio halisaidii. Mtu akiongea hakuna nafasi kati ya maneno.

Kusanya watoto watano sita, wa kwako na wa jirani. Kila mmoja mpe kadi: A, NA, SOMA, KITABU. Waambie watengeneze sentensi kwa kusimama kwenye mstari. Walio ndani ya neno moja wanashikana mikono, kati ya neno na neno kuna hatua moja. A, NA na SOMA wanashikana, KITABU anasimama peke yake. Kisha waambie A aachie mkono, ajitegemee. Anaweza kusema nini akiwa peke yake? Hawezi. Basi arudi ashike mkono. SOMA je? Anaweza, ukimwamuru mtu.

Tatizo kubwa ni NA, maana anaishi nyumba mbili. Wape jaribio la AU. Mahali pa NA weka AU uone kama sentensi bado inasimama. "Baba na mama", "baba au mama", inasimama, kwa hiyo huyu NA ni neno kamili, hashikwi mkono na mtu. "Anasoma" ukiweka AU unapata "aausoma", upuuzi mtupu, kwa hiyo NA huyo ni wa kushikwa pande zote mbili. Watoto wanapenda sana ule upuuzi, watataka kujaribu maneno yote ya nyumba.

"Kwa sababu" na "kwa hiyo" mpe KWA kofia kichwani. Mwenye kofia hashiki mkono wa mtu.

---

BabaTrizah_Naks

Jaribio la AU ni noma. Nimejaribu hapa na "nanasi", nimepata "aunasi", mtoto amecheka mpaka amelala chini.

---

nipo_paleee

Na ng' jamani? Wangu anaandika "ngombe" hata umwambie mara ngapi.

---

mama_maandazi

Kile kikoma cha juu mwambie ni pembe. Ng'ombe wake hana pembe, amchoree. Kwangu ilifanya kazi kwa ng'ombe, ila akaanza kumwekea na ngoma pembe.

---

Mwl_Mstaafu

Inaitwa ritifaa, ila pembe ni jina zuri. Ili asimwekee ngoma, aguse pua. Akivuta ng' ya ng'ombe, sauti inabaki puani, anaweza kuivuta mpaka pumzi iishe, ng'ooo. Akisema ngoma, g inapasuka kooni, hawezi kuivuta. Mpe mawili mawili aamue kwa kidole puani: ng'ambo na ngazi, ng'ata na nguo, ng'oa na ngoja. Sauti inayovutika inapata pembe.

---

kijana_wa_kitaa

Jumamosi nakaa na watoto wa dada, wapo watano na binamu zao wawili. Mwalimu, ule wa kushikana mikono niwape sentensi gani? Nataka wachoke mapema.

---

Mwl_Mstaafu

Anza na "Anapika wali", kadi A, NA, PIKA, WALI. Wakielewa, "Baba na mama wanapika". Ukiona wameanza kujidai, wape "Nanasi na ndizi" kwa silabi, halafu kaa pembeni uone nani atamshika nani mkono.